Lugha zinazobweka na lugha zinazonyamaza: maswali ya wanaoanza kuandika programu

Mama mhazini alinipigia simu saa moja asubuhi, hata chai sijanywa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hebu njoo uangalie hii kompyuta yako, maana tumelala maskini tumeamka na milioni mia tano."

Kikundi chao cha VIKOBA kiko Pasua, hapa Moshi. Wana sanduku la bati lenye kufuli tatu, na mimi nilikuwa nimewatengenezea ukurasa mdogo wa kuingizia hisa. Nilikuwa na miezi minne tangu nianze JavaScript na tayari nilijiona fundi. Jioni ya jana yake mama alikuwa ameingiza watu wawili tu, mmoja 5000, mwingine 10000. Kompyuta ikamwandikia jumla: 500010000.

Itazame vizuri hiyo namba. Kompyuta haikukosea kujumlisha, haikujumlisha kabisa. Ilichukua 5000 ikaibandika ubavuni mwa 10000, kama unavyounga bati na bati. Kwake yale yalikuwa maandishi, na maandishi ukiyawekea alama ya kujumlisha yanaungwa. Mama alicheka, akina mama wenzake wakacheka zaidi, wakaniagizia mtori. Mimi kilichoniuma ni kitu kingine: programu ilikuwa imekosea vibaya hivyo na haikusema neno. Hakuna maneno mekundu wala onyo.

Siku hizi nina duka la steshenari upande wa Mbuyuni, na kila Jumamosi mchana chumba cha nyuma huwa na vijana saba, wanane, wanaojifunza kuandika programu. Maswali yao nayaandika kwenye kaunta buku la kwaya tatu. Kuna anayesoma C chuoni, kuna wa Java, kuna aliyejifunza PHP kwa video, na wengi ni wa Python. Kila mmoja anaamini tabu yake ni ya lugha yake. Ukifungua lile daftari unaona ni maswali yale yale, yamebadilisha shati tu. Kinachotofautiana ni jinsi lugha inavyokujibu ukikosea. Nyingine inabweka papo hapo, nyingine inanyamaza na kukuacha uende kuaibika Pasua. Nimeyapanga hapa maswali hayo kwa jinsi yanavyokula muda wangu, kwa hiyo usishangae mengine ni marefu na mengine ni mistari michache.

Nianze na ipi?

Hili nalijibu haraka kwa sababu linapewa muda kuliko linavyostahili. Chuo kikishakupangia C au Java, anza na hiyo hiyo. Kama hujapangiwa na mtu, chukua Python. Kama huna kompyuta, una simu ya Android tu, pakua Pydroid 3 siku una bando. Ikishaingia inaendesha Python bila intaneti, na nimeona kijana akiandika mazoezi yake yote ndani ya hiace. Ukitaka kutengeneza kurasa za tovuti, JavaScript, maana kila kivinjari tayari kinaielewa.

Na tumalize hili kabisa: Java na JavaScript si ndugu. Zilitangazwa mwaka mmoja, 1995, na jina likafananishwa kwa sababu za biashara. Toleo la kwanza la JavaScript Brendan Eich aliliandika kwa siku kumi. Ukiitumia wiki mbili hutahitaji ushahidi mwingine.

Mbona saba mara mbili ni sabini na saba?

Hapa ndipo nakaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Kitu chochote kinachotoka kwa mtu, akikiandika kwenye kibodi au kwenye fomu, huingia kama maandishi. Macho yako yanaona namba. Kompyuta inaona herufi ambazo kwa bahati zina sura ya namba. Jaribu hii kwenye Python:

```
kilo = input("Kilo ngapi? ")
print(kilo * 2)
```

Andika 7. Itakuandikia 77. Python husifiwa kwa kubweka mapema, lakini hapa imenyamaza, kwa sababu kwake maandishi mara mbili ni kuyarudia mara mbili. Dawa ni kugeuza kabla ya kitu kingine chochote:

```
kilo = int(input("Kilo ngapi? "))
```

Sasa chukua maandishi "5" uyajumlishe na namba 3 katika lugha nne. Python inakataa, inakuandikia TypeError na kusimama. JavaScript inakupa 53. Java nayo inakupa 53. PHP inakupa 8, kwa sababu kule kuunga maandishi kuna alama yake, ile nukta. Hakuna iliyo na wazimu hapo. Kila moja imekubaliana na jambo fulani, na wewe hukuwepo kwenye kikao.

JavaScript ina kituko cha ziada. "5" ukitoa 3 inakupa 2, kwa sababu kutoa hakuna maana kwenye maandishi, basi inaamua yenyewe kugeuza kuwa namba. Kwa akina mama wa Pasua hilo lilimaanisha marejesho ya mikopo yalikuwa yanapungua sawasawa, hisa ndizo zilizokuwa zinaungana. Nilipoteza siku mbili nikitafuta kosa mahali ambapo halikuwepo, kwa sababu nusu ya programu ilifanya kazi. Kila thamani inayotoka kwenye fomu ipitishe kwenye Number() kwanza, ndipo uifanyie hesabu.

Halafu kuna koma. Sisi huandika 5,000 au 5,000/=, na mteja wako ataandika hivyo hivyo hata umkataze mara kumi. Python ukiiambia int("5,000") inagoma kwa ValueError. Java kwa Integer.parseInt inagoma pia. JavaScript kwa parseInt("5,000") inakupa 5. Tano! Inasoma mpaka ikutane na kitu isichokielewa, inasimama hapo, inakukabidhi ilichopata, kimya. PHP ukilazimisha kwa (int) inafanya vivyo hivyo. Mtu ameweka hisa ya elfu tano, daftari linasema shilingi tano, na hakuna aliyekosea isipokuwa wewe. Ondoa koma kwanza. Kwenye Python ni `.replace(",", "")`, na lugha nyingine zina mfano wake.

Namba ya simu si namba

Binti mmoja wa Majengo alinionyesha programu yake ya C ya kutunza wateja. Alikuwa amejaribu kuandika mwanzo wa namba ya simu, 0754, kama namba ya kawaida. Programu ikachapisha 492. Alidhani kompyuta imerogwa.

Katika C, na katika Java pia, namba unayoiandika kwenye msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ikianza na sifuri huhesabiwa kwa nane-nane badala ya kumi-kumi. Saba mara sitini na nne, tano mara nane, ongeza nne: 448, 40 na 4. Jumla 492. Python 3 hapo inabweka, inakataa hata kuanza. Hata ukiipata namba ya simu kwa njia nyingine, ukiihifadhi kama namba ile sifuri ya mbele itapotea tu.

Kipimo changu ni kimoja: je, kuna siku utaijumlisha? Namba za simu hazijumlishwi, wala za mtihani, wala za kitambulisho cha taifa. Hayo ni maandishi. Na kitambulisho cha NIDA kina hatari yake peke yake, kwa kuwa kina tarakimu 20. JavaScript inashika namba nzima kwa uhakika mpaka 9007199254740991, tarakimu 16. Zaidi ya hapo mkia unaanza kubadilika wenyewe, kimya kimya. Mtu anajisajili kwa namba yake, anatoka na ya mtu ambaye hajazaliwa.

Java nayo ina ukuta wake. Namba ya aina ya int inaishia 2147483647. Ukiongeza moja tu, inaruka kwenda -2147483648. Kwa dola hiyo ni pesa nyingi. Kwa shilingi yetu ni bilioni mbili na kitu, na chama cha akiba cha wastani kinaweza kufika huko bila kelele. Tumia long, aina yenye nafasi kubwa zaidi. Python haina ukuta huo kwa namba nzima, na hilo ni mojawapo ya mambo yanayonifanya niwape wanaoanza.

Sifuri nukta tatu iliyo na mkia

Andika 0.1 + 0.2 kwenye Python, au JavaScript, au Java. Utapata 0.30000000000000004. Swali hili limeandikwa kwenye daftari langu mara nyingi kuliko yote, na mwandiko tofauti kila mara.

Gawa shilingi 10,000 kwa watoto watatu. Kila mmoja 3,333, na nukta tatu tatu tatu zisizokwisha. Utakata mahali, na kipande kidogo kitapotea. Kompyuta huhesabu kwa mbili-mbili, na kwa hesabu hiyo sehemu moja ya kumi haiishi, kama kwetu sehemu moja ya tatu isivyoisha. Kwa hiyo inakata. Utaratibu wa kukata umewekwa kwenye kanuni inayoitwa IEEE 754, ya mwaka 1985, na karibu lugha zote zinaufuata. Ndiyo maana jibu ni lile lile. PHP kwa echo itakuonyesha 0.3, na C kwa %f itakuonyesha 0.300000, lakini usidanganyike: mkia uko palepale, umefunikwa tu.

Jirani yangu mmoja mzee alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa. Ushirika wa kahawa huku Kilimanjaro ni wa zamani, KNCU ilianzishwa 1933, kabla kompyuta za umeme hazijawa kitu. Nilipomweleza tatizo hili alinitazama kama unavyomtazama mtu anayeuliza mlango uko wapi. "Sisi tuliandika kilo safu yake na gramu safu yake. Nukta ya nini?" Hiyo ndiyo dawa kamili. Pesa weka kwa shilingi nzima, uzito weka kwa gramu nzima, na nukta uje kuiweka mwishoni, unapomwonyesha mtu.

Alama ya sawa: moja, mbili, tatu

Sawa moja ni kuweka. Sawa mbili ni kuuliza. Hesabu ya shuleni ilitumia alama moja kwa yote mawili, ndiyo maana vidole vinateleza.

Ukiandika `if (deni = 0)` kwenye C, hukuuliza kama deni ni sifuri. Umelifuta deni. Kisha, kwa kuwa sifuri kwenye C maana yake ni hapana, programu inaenda upande wa wenye madeni na kumwita mtu ambaye sasa hadaiwi. JavaScript na PHP hufanya vivyo hivyo. Java inakataa, Python inakataa. Kama uko kwenye C, zoea kukusanya programu yako, yaani kuigeuza iwe lugha ya mashine, kwa `gcc -Wall`, inayowasha maonyo. Bila hiyo kompaila ya C, ile inayofanya kazi ya kukusanya, ni jirani anayeona mwizi akiingia kwako na kuendelea kuchuma mboga.

JavaScript ina sawa tatu pia. Kwa sawa mbili, maandishi "5" na namba 5 ni kitu kimoja. Kwa sawa tatu si kitu kimoja. Tumia tatu daima, na usiniulize lini utumie mbili.

Java ndiyo inayowachanganya wengi. Ukilinganisha maandishi mawili kwa sawa mbili, huulizi kama yameandikwa sawa, unauliza kama ni kitu kile kile kimoja kwenye kumbukumbu. Kwenye sendofu, wanakamati wote wamevaa kitenge cha sare. Kitambaa ni kile kile, watu ni tofauti. Sawa mbili inauliza watu, `equals` inauliza kitambaa. Ubaya ni kwamba ukijaribu kwa maneno uliyoyaandika mwenyewe ndani ya programu, "Moshi" na "Moshi", mara nyingi jibu linakuja kweli, kwa kuwa Java huyatunza mahali pamoja. Mteja akiandika Moshi kwa kibodi, jibu linakuwa si kweli. Kwako inafanya kazi, kwake haifanyi, na hapo ndipo vijana wanaponiambia kompyuta ya mteja ni mbovu.

Kwa nini wanaanzia sifuri?

Ingia jengo lolote la ghorofa pale mjini. Unapoingilia ni chini. Ghorofa ya kwanza iko juu yake, na ukihesabu sakafu hiyo ni ya pili. Hujawahi kulalamika. Orodha katika C, Java, Python, JavaScript na PHP ni jengo hilo: cha kwanza kinakaa nafasi ya 0, na orodha ya watu kumi inaishia nafasi ya 9. Lua na R huanzia 1. Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta, aliandika kurasa chache mwaka 1982 akitetea sifuri. Ukizisoma utakubali, halafu kesho utakosea tena.

Shida kubwa iko kwenye mwisho. Dalali akikwambia "lipa mpaka tarehe kumi", je, tarehe kumi yenyewe imo? Watu wamegombana kwa hilo. Python imeamua haimo: `range(1, 10)` inatoa 1 mpaka 9. Ukitaka kumi, andika 11.

Ukipita mwisho wa orodha, Python na Java zinabweka. JavaScript inakupa neno undefined na kuendelea na safari. C inakupa chochote kilichokuwa kwenye kumbukumbu jirani, na inaweza kuwa namba yenye sura nzuri kabisa.

Zoezi ninalolipenda ni la saa zetu. Nipe saa ya simu, 0 mpaka 23, nikurudishie saa ya Kiswahili. Karibu kila mtu huandika hivi:

```
saa = (simu + 6) % 12
```

Alama ile ya asilimia ni baki la kugawanya. Saba asubuhi: 13 kwa 12, inabaki 1, saa moja. Vizuri. Mchana wa 12: 18, inabaki 6, saa sita. Wanashangilia. Kisha nawaambia wajaribu 6. Inatoka sifuri. Hakuna Mswahili aliyewahi kuamka saa sifuri. Fomula ilikuwa sahihi kwa saa ishirini na mbili na mbovu kwa mbili, na hizo mbili ndizo hakuna aliyefikiria kuzijaribu. Inayofanya kazi ni hii:

```
saa = (simu + 5) % 12 + 1
```

Jaribu 6, jaribu 18, jaribu 0. Daima jaribu kwenye kingo: cha kwanza, cha mwisho, sifuri, na orodha isiyo na kitu.

Nilibadilisha nakala, mbona ya asili nayo imebadilika?

Kwa sababu hukutengeneza nakala. Mtu ana jina la ubatizo na jina analoitwa nyumbani. Akivunjika mguu kwa jina moja, anachechemea kwa yote mawili. Python ukiandika `wapya = wanachama`, umeipa orodha moja jina la pili. Java na JavaScript vivyo hivyo. PHP ndiyo inayotengeneza nakala kweli kwa orodha zake. Unapotaka nakala iseme: `wanachama.copy()` kwenye Python, `[...wanachama]` kwenye JavaScript.

Imeandika maneno mekundu

Mtu akiniita kwa hofu kwamba imeandika maneno mekundu, mimi hufurahi. Kazi imekuwa rahisi. Mwenye tabu ni yule ambaye haikuandika kitu.

Lakini yasome. Wengi huyafunga kama matangazo. Na kila lugha ina mahali pake pa kuanzia. Python, anza na mstari wa mwisho kabisa, ndio wenye habari, kisha panda juu. Java, anza na wa kwanza, halafu shuka mpaka uone jina la faili lako mwenyewe. Mistari mingine ni ya ukoo wake. C ikikupa makosa arobaini, rekebisha la kwanza tu kisha kusanya upya, maana mara nyingi mengine thelathini ni watoto wake. Na ukiambiwa kosa liko mstari wa 12 ukalikosa, tazama wa 11. Nukta mkato ikisahauliwa, au mabano yakiachwa wazi, kompaila hugundua ikishafika mbele.

Mfano:

```
NameError: name 'jumla' is not defined
```

Python inasema haimjui mtu anayeitwa jumla. Labda juu uliandika Jumla, kwa herufi kubwa, na kwake hao ni watu wawili. Tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021 mara nyingine hukudokeza jina ulilokusudia.

Hapa ndipo ninapowalazimisha wanafunzi wangu jambo ambalo walimu wengine hulicheka: vigeu vyote vipe majina ya Kiswahili. Bei, kilo, deni, wanachama. Anayeanza hajui lipi ni neno la lugha na lipi amelibuni mwenyewe, na yote yakiwa ya Kiingereza anaogopa kugusa chochote. Yakiwa ya Kiswahili, anatazama ujumbe wa kosa na kuona mara moja: hili la Kiswahili ni langu, basi hapa ndipo nilipokosea. Akiajiriwa na kampuni atabadilisha, haitamchukua hata wiki.

Kosa likiwa kimya, lazimisha programu iseme. Weka mistari ya kuchapisha katikati, uone thamani zikipita. Usichapishe thamani tupu, kwa sababu 7 ya namba na 7 ya maandishi zikichapishwa zinafanana. Kwenye Python andika `print(repr(kilo))`. Ya maandishi itatoka ikiwa na alama za kunukuu. Kwenye JavaScript andika `console.log(typeof hisa)`. Mstari huo mmoja ungeniokoa siku zangu mbili.

Vijana sasa huniletea pia msimbo walioandikiwa na akili unde. Sina ugomvi nao. Namwambia mtu anisomee mstari kwa mstari kila mmoja unafanya nini. Akikwama wa tatu, tunaanzia hapo.

Mambo ya aibu ambayo huua Jumamosi nzima

Usiandike programu kwenye Word. Hapa steshenari watu wamezoea Word, na yenyewe hugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda. Kwa macho ni zile zile, Python inazikataa.

Windows huficha mwisho wa majina ya mafaili. Unaona kazi.py, kumbe ni kazi.py.txt. Iambie ionyeshe.

Usilipe faili lako jina la random.py. Ukiita maktaba ya random, ule msimbo wa tayari unaokuja na Python, italeta faili lako.

Nafasi za mwanzo wa mstari kwenye Python si urembo. Kunja kwa nafasi nne, na usichanganye na kitufe cha Tab.

Na hifadhi kazi kila dakika. Umeme hauna urafiki na mtu.

Ukija kuniuliza

Usiniletee picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imepinda, na kidole kimeziba mstari wenyewe. Niletee maneno. Ulitaka itokee nini, ikatokea nini, na ujumbe ulisema nini, herufi kwa herufi. Nusu ya watu wakishaandika hayo matatu huniambia, "Basi kaka, nimeona." Mimi mwenyewe humweleza mama anayeuza ndizi mbele ya duka. Haelewi neno, ananiitikia "ehee", na nikifika katikati nimeshagundua.

Kazi ya wiki hii kwa anayetaka kuja: chukua fomula ya saa, iongezee asubuhi, mchana, jioni na usiku. Mpaka wa kila moja uamue mwenyewe, ila uwe tayari kuutetea, maana tutagombana. Kisha ipe saa zote ishirini na nne, moja baada ya nyingine, usiruke hata moja. Tunaanza Jumamosi, simu ikiandika 14. Programu yako ikikwambia kitu kingine zaidi ya saa nane mchana, njoo nayo hivyo hivyo.